Mchezo Hauwi Zoezi Hadi Uzoewe

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Marungu, katika eneo la Voi, kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Mpwa wangu, kijana afanyaye kazi Mombasa, alikuwa amenitangulia kwa siku mbili, naye alikuja na mtambo wa michezo ya video alioununua ukiwa umekwisha kutumika. Haukuwa mchezo wa kuketi na kubofya vidole. Mchezaji husimama mbele ya televisheni, akashika pete kubwa ya plastiki mikononi, akafunga kifaa kingine pajani, kisha akatakiwa akimbie papo hapo, achuchumae, aibane ile pete na kuivuta, huku mtu mdogo ndani ya kioo akipita milimani na mabondeni kwa nguvu za jasho lake. "Mjomba, njoo ujaribu," alinialika. "Si wewe utuambiaye kila siku kwamba elimu haina mwisho?"

Nilijaribu. Baada ya dakika nane hivi nilikuwa nimeketi sakafuni nikitweta. Mama yangu, ambaye umri wake umeipita miaka sabini, alikuwa mlangoni akipepeta pojo. Aliuweka ungo chini, akanitazama kitambo, akauliza kwa upole: "Baba, hata mchezo umekushinda?"

Watoto walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule usingizi haukunijia upesi. Miezi mitatu kabla ya hapo, muuguzi aliyenipima shinikizo la damu aliandika tarakimu mbili katika kadi yangu, akazizungushia duara, akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomjibu kwamba mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu, alitikisa kichwa kana kwamba jibu lile ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe.

Swali ninalokusudia kulijadili leo basi ni hili: je, mchezo wa video waweza kuwa sehemu ya mazoezi ya mwili nyumbani, au ni upuuzi mwingine uliotujia kutoka ng'ambo? Najua kwamba walimu na wazazi wengi wamekwisha kulijibu kabla sijafika mwisho wa sentensi. Kwao, mchezo wa video ni adui wa daftari, na kuuita zoezi ni kuupaka mafuta uvivu. Vijana nao, kwa upande wao, huweza kutoka mbele ya kioo baada ya robo saa na kutangaza kwamba leo wamefanya mazoezi. Nionavyo mimi, pande zote mbili zimefanya haraka.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kitenzi "kucheza" katika Kiswahili kimebeba maana ambazo lugha nyingine hulazimika kuzigawia maneno mbalimbali. Mtoto hucheza mpira, waalikwa arusini hucheza ngoma, askari hucheza gwaride, na jino lililolegea nalo hucheza kinywani. Mwingereza ana neno lake kwa kila moja ya haya. Kwetu sisi, kinachoyaunganisha ni mwendo: kilichotulia tuli hakichezi. Ni kweli kwamba bao nalo huchezwa, na wachezaji wake wameketi. Lakini hata hapo kuna kete zinazotembea, na hakuna aliyewahi kudai kwamba bao humjenga mtu misuli.

Kwa mujibu wa lugha yetu basi, cha kushangaza si mchezo wa video unaomfanya mtu aruke. Cha kushangaza ni mtoto anayeketi saa nne akitikisa vidole gumba viwili tu, nasi tukasema anacheza. Mchezo unaomwinua kitini umekirudisha kitenzi mahali pake pa asili. Kwa hiyo siwezi kuukataa kwa sababu tu una waya na kioo.

Wala michezo ya aina hii si migeni duniani. Mwaka wa 1998 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa Dance Dance Revolution, ambao mchezaji wake hukanyaga mishale iliyo chini ya miguu yake kwa kuufuata mdundo wa muziki. Mwaka wa 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani, likiwa na wasiwasi juu ya unene wa watoto wake, lilitangaza kwamba litauingiza mchezo huo katika shule za umma. Mwaka uo huo kampuni ya Nintendo ilitoa mtambo wa Wii, ambao kishikio chake huhisi jinsi mkono unavyopungwa. Na mwisho wa mwaka wa 2007 ikaleta Wii Fit, pamoja na ubao wa kusimamia unaopima uzito na usawa wa mwili. Nakala zaidi ya milioni 20 za mchezo huo ziliuzwa. Mwaka wa 2010 Microsoft ilitoa Kinect, kamera iliyomwona mchezaji mzima pasipo yeye kushika chochote, ingawa baadaye iliacha kuitengeneza. Oktoba 2019 Nintendo ikatoa Ring Fit Adventure, ule ulionishinda mimi mbele ya mama yangu. Na miezi michache baadaye, ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, mchezo huo uliadimika madukani katika nchi nyingi.

Je, michezo hii hufaa kitu? Wataalamu wamelichunguza jambo hilo, na majibu yao yafaa kusomwa kwa pamoja. Mwaka wa 2007 watafiti wa Liverpool, Uingereza, waliwapima vijana waliokuwa wakicheza tenisi, ndondi na tufe za kuviringisha kwa mtambo wa Wii. Walikuta kwamba miili yao ilitumia nguvu nyingi zaidi kuliko walipocheza michezo ya kuketi, lakini si nyingi kama ambazo wangetumia katika tenisi na ndondi zenyewe. Mpaka hapo, vijana wetu wana hoja.

Lakini mwaka wa 2012 Tom Baranowski na wenzake huko Houston, Texas, walichapisha utafiti wa aina nyingine. Waliwapa watoto wa miaka 9 hadi 12 mitambo ya Wii wakae nayo majumbani kwa majuma 13. Baadhi walipewa michezo ya kuruka na kujinyoosha, wengine wakapewa michezo ya kuketi, na wote wakavishwa vifaa vya kupima mienendo yao. Mwisho wa yote, watoto waliopewa michezo ya kuruka hawakuonekana kuwa na mwendo mwingi kuliko wenzao. Mtambo uleule uliotoa jasho mbele ya wapimaji wa Liverpool haukubadili chochote ulipoachwa sebuleni bila mpango.

Naamini kwamba tafiti hizi mbili hazipingani hata kidogo. Ya kwanza yatuambia mchezo waweza kufanya nini ukichezwa. Ya pili yatuambia kwamba kuwa na mchezo si sawa na kuucheza, na kuucheza leo si sawa na kuucheza mwezi ujao. Na hapa lugha yetu yanifaa tena. Neno "mazoezi" limetokana na kitenzi "kuzoea", kama lilivyotokana neno "mazoea". Kiswahili hakikuliita tendo hili kwa jina la jasho, wala la misuli, wala la maumivu. Kimeliita kwa jina la kurudiwa. Walimu walijua hilo zamani, kwani ndilo neno tulitumialo darasani: hakuna mwalimu wa hesabu anayedhani kwamba mwanafunzi aliyefanya zoezi moja la kugawanya, tena kwa fujo na kelele, amekwisha kujua kugawanya. Kwa nini basi tudhani kwamba mwili hujifunza kwa njia nyingine?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, lapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, na kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku tano ni nusu saa kila siku. Nusu saa si nyingi. Ugumu wake ni kwamba kesho pia ni nusu saa, na kesho kutwa vilevile.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusumbuke na mambo ya sebuleni ilhali barabara zipo na hewa ipo? Atembee huyo mhadhiri! Shauri hilo ni jema, nami mjini hulifuata. Lakini ni shauri la mtu asiyekaa Marungu. Kwetu tumekaa kati ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hawajui mpaka wa shamba. Mtu hawezi kuamka alfajiri na kukimbia vichakani kwa ajili ya afya yake, akahesabiwa kuwa mwenye akili. Wala hawezi kufanya hivyo magharibi ikiisha kuingia. Ukikwepa vichaka, iko barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ambako malori ya mizigo hupita usiku na mchana. Na kati ya alfajiri na magharibi lipo jua, ambalo mwenyeji wa Voi hahitaji kuelezwa habari zake. Kwa mtu wa kwetu basi, hasa msichana ambaye wazazi wake hawamruhusu kutoka peke yake, zoezi la nyumbani si anasa ya wenye zulia. Mara nyingi ndilo zoezi pekee lililo salama.

Nasikia jibu la wazee: mbona sisi hatukuhitaji zoezi lolote? Ni kweli, na sababu yake ni kwamba walikuwa nalo pasipo kulipa jina. Mama yangu aliteka maji kwa kichwa, alilima, alitwanga, alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Leo bodaboda huja hadi mlangoni, mahindi husagwa kwa mashine, na mahali pengi maji huletwa kwa mkokoteni au kwa gari. Sililii dhiki ya zamani. Asiyewahi kubeba mtungi juani ndiye huusifu. Nasema tu kwamba tumeuondoa mzigo, jambo ambalo ni jema, tukasahau kwamba mzigo ule ulikuwa umeubeba mwendo wetu pia, na hatukuweka kitu mahali pake. Magonjwa ambayo nilipokuwa mtoto tuliyasikia kuwa ya matajiri wa mjini, yaani kisukari na shinikizo la damu, sasa yana foleni katika zahanati za vijijini.

Hapa yanipasa nikiri jambo. Kabla ya kwenda chuo kikuu nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili. Kidato cha Nne walikuwa na kipindi kimoja cha mazoezi ya viungo kila Alhamisi. Nilikichukua. Nilikichukua muhula wa kwanza kwa ruhusa, na mihula iliyofuata kwa mazoea, nikafundishia ngeli za nomino. Nilikuwa na hoja yangu: mtihani wa taifa ungewauliza upatanisho wa kisarufi, haungewauliza kuruka. Hakuna aliyenilaumu, wenzangu wa hesabu na sayansi walifanya vivyo hivyo kwa madarasa mengine, na mkuu wa shule alitushukuru kwa bidii.

Mwaka jana nilikutana mjini Voi na mmoja wa wasichana wa darasa lile, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu. Alinisalimu kwa furaha, tukaketi, akatoa dawa mkobani na kuzimeza kabla ya chakula. Ana kisukari, na umri wake haujafika arobaini. Tulipoagana aliniambia akitabasamu: "Mwalimu, ngeli zote bado nazikumbuka."

Sidai kwamba kipindi kimoja kwa juma kingemkinga. Ugonjwa huo una sababu nyingi, na nyingine ni za kurithi. Lakini najua nilichomfunza kila Alhamisi pasipo kutamka neno. Nilimfunza kwamba mwili ni kitu kinachoweza kungoja. Somo hilo nalo alilishika, kwa kuwa nililirudia kila juma, na kinachorudiwa ndicho kinachozoewa.

Turudi sasa kwenye mtambo. Siwashauri walimu wakuu wakaununue. Bei yake, pamoja na mchezo wenyewe, ni makumi ya maelfu ya shilingi, na shule isiyo na madawati ya kutosha haina haki ya kuanzia hapo. Umeme nao hukatika. Tena mtoto aliyewekwa mbele ya kioo kwa ajili ya mazoezi aweza kubaki mbele ya kioo kwa ajili ya mengine. Pingamizi hizi ni za kweli, sizipuuzi.

Ninachowashauri ni kuutazama mchezo huo jinsi mwalimu anavyomtazama mwalimu mwenzake aliyefaulu kuliamsha darasa, wakajiuliza anafanyaje. Nimeuchunguza, na naona kwamba hufanya mambo manne. Humhesabia mchezaji kila anachofanya. Humpa kazi ndogo aiwezayo leo, kisha kesho akaiongeza kidogo. Humwonyesha alipofika jana, ashindane na nafsi yake badala ya jirani. Na humpa mdundo, ili mwili uende wenyewe hata akili inapotaka kuketi. Hakuna hata moja kati ya haya manne linalohitaji umeme. Wataita waliokesha wakicheza Mwazindika kwa milio ya ngoma hawakuwa na televisheni, na hakuna aliyewahesabia dakika.

Basi nilifanya hivi. Mpwa wangu aliniazima mtambo wake hadi Pasaka. Nilijiwekea jioni tatu kwa juma, dakika 25 kila jioni, baada ya kushauriana na yule muuguzi, kwani mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo hafai kujirusharusha bila kuuliza. Siku mbili nyingine natembea. Juma la kwanza magoti yaliuma, juma la tatu nilitafuta visingizio, na juma la tano niligundua kwamba saa ikifika miguu yangu hunikumbusha kabla ya akili. Hapo ndipo nilipolielewa neno ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi.

Huku nyuma, watoto wa nyumbani Marungu walibaki bila mtambo. Nilitarajia kwamba wangeyaacha yale mambo siku ileile nilipouondoa. Nilipokwenda Pasaka nilikuta daftari la kurasa 32 limetundikwa kwa uzi ukutani. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake: kuruka kamba mara ngapi, kuchuchumaa mara ngapi, tarehe gani. Mmoja hupiga debe, wengine hufuata. Kurasa kadhaa zilikuwa na mapengo ya siku nne au tano, na msichana mmoja alikuwa ameandika idadi ambayo, kwa maoni yangu, haiwezekani kibinadamu. Lakini daftari lilikuwa linakaribia kujaa. Mama yangu aliniambia kwamba naye ana ukurasa, ila hakuniruhusu niufungue.

Sijawa mwanariadha. Tarakimu za kadi yangu zimeshuka kiasi, na safari hii muuguzi hakuzizungushia duara. Lakini nameza dawa, nimepunguza chumvi, wala siwezi kusema kwamba sifa zote ni za mchezo. Nasema tu kwamba mchezo ulinifungulia mlango ambao hotuba nyingi juu ya afya hazikuwahi kunifungulia.

Kwa wanafunzi wasomao safu hii nina ombi moja: mkiambiwa kwamba michezo ya video ni upotevu, msibishane kwa maneno. Chagueni ile inayowainua vitini, muicheze kwa saa iliyopangwa, muiandike, kisha mzime kioo mtoke nje penye usalama wa kutoka. Kwa walimu wenzangu nina ombi jingine, nami nalitoa nikiwa na deni. Muhula unapoanza na ratiba ikabandikwa ukutani, kipindi kile kimoja cha mazoezi ya viungo msikiguse. Kitaonekana kuwa tupu, na mtihani utaonekana kuwa karibu. Kiacheni kilivyo, na Alhamisi ikifika watoeni watoto nje.